Taa Tuliyoizoea

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko zote nilizofanya kazi ya ufundi wa ndege, na wala si siku ambayo ndege ilianguka. Hakuna ndege iliyoanguka. Ndiyo maana sijawahi kuulizwa habari zake.

Juzi pale steji ya matatu ya 56 uliniambia kuwa hangari lenu limeletewa mtambo mpya unaosikiliza injini wenyewe na kutuma habari kwenye kompyuta, na kwamba fundi sasa kazi yake ni kusoma skrini. Nilinyamaza. Usidhani ilikuwa hekima, nilikuwa natafuna mahindi. Leo nina nafasi, kwa hivyo keti unisikilize.

Nilipokuwa kijana nilikaa mtaa wa Silanga, na kila asubuhi nilitembea hadi uwanja mdogo wa ndege ng'ambo ya barabara ya Lang'ata. Mara nyingi niliongozana na jirani yangu Akinyi, nesi aliyesafiri na ndege yetu ya kubeba wagonjwa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Wafula, mtu wa maneno machache na chai nyingi.

Ndege ile pia ilijichunguza yenyewe. Ndani ya mafuta ya injini kulikuwa na sumaku ndogo. Ikinasa vipande vya chuma, taa ya njano inawaka mbele ya rubani, maana yake injini imeanza kujila. Mtambo mzuri kabisa, ila taa yetu ilikuwa na tabia ya kuwaka bure. Mara za kwanza tulifungua, tukakuta sumaku ni safi, kumbe waya wake ndio uliochubuka. Kuubadilisha kungeilaza ndege kutwa nzima, na kila siku kulikuwa na safari. Tukaufunga tepu. Taa ikiwaka, tunautingisha waya, inazima. Ikawa desturi ya hangari, hata rubani akawa anatania kwamba taa imeamka vibaya. Mazoea yana taabu, mwanangu, na ubaya wake ni kwamba hayaumi yakiwa yanaingia.

Basi asubuhi hiyo simu ikaja kutoka zahanati moja ya mbali, kaskazini. Mama ameshindwa kujifungua, anavuja damu, na mtoto bado yu hai tumboni. Bila upasuaji watakufa wote wawili, mama na mtoto. Akinyi akapanda na begi lake, rubani akawasha injini, na taa ya njano ikawaka.

Injini ikazimwa. Nilikimbia, nikafungua kifuniko, nikautingisha waya. Taa ikazima. Nilipogeuka, Mzee Wafula alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umefanya nini?"

"Ni ile waya tu, mzee. Nimeitingisha, taa imezima. Wacha waende."

"Ikiwaka unasema inadanganya. Sasa imezima, unaiamini?"

Nikanyoosha mkono kurudisha kifuniko.

"Fungua," akasema.

"Mzee, kuna mtu anakufa huko."

"Na hapa kuna watu wawili wanataka kuruka. Fungua."

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilifungua huku nikimchukia, sitakuficha. Ukitoa sumaku unaikagua, unakagua chujio la mafuta, unarudisha, unawasha injini chini, unaiacha ingurume, unazima, kisha unatoa sumaku tena. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na mafuta ya moto hayajali haraka yako. Akinyi alikuwa mlangoni na simu sikioni. Kila mara alinitazama, halafu akamwambia mtu wa zahanati, "Tunakuja, tunakuja." Mara moja akafunika simu kwa kiganja. "Wanasema mapigo ya mtoto yanapungua. Bado sana?" Nikamwambia bado kidogo, na spana ikaniponyoka.

Sumaku ilikuwa safi. Mara ya pili pia ilikuwa safi. Taa ilikuwa imedanganya kama kawaida yake, na ndege ikaruka.

Walirudi alasiri. Mama alikuwa hai, ameshushwa kwa machela, macho yamemwingia ndani kwa uchovu. Mtoto hakuwa hai. Akinyi alinikuta nyuma ya hangari. "Alitulia tumboni tukiwa karibu kutua hapa," akasema. "Tungefika mapema kidogo, sijui." Hakuwa ananilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilimwendea Mzee Wafula nikiwa na hasira ya kupigana. Nikamwambia taa ilikuwa ya uongo, nilimwambia tangu mwanzo, na sasa mtoto wa watu amekufa kwa sababu ya ubishi wake. Aliweka kikombe chini.

"Kufungua leo haikuwa makosa. Kesho ikiwaka nitafungua tena," akasema. "Lakini ule muda tuliompokonya yule mtoto hatukuupoteza leo. Tuliupoteza siku zile zote tulikuwa tunatingisha waya, na mimi mkubwa wenu nikiwaona." Kisha akainuka, na jioni hiyo hiyo tukaanza kuutoa ule waya.

Mwanangu, sikuambii uudharau mtambo wenu mpya. Huo utasikia mengi ambayo sikio la fundi halisikii. Wala sikuambii uusujudie. Uuchukue kama shahidi, na shahidi akikudanganya mara moja, acha kila kitu utafute kwa nini. Usimcheke, usimfunge tepu, usimzoee. Kengele inayolia bure ikiachwa ni hatari kuliko kutokuwa na kengele, kwa sababu siku ya dhiki itakulazimisha uchague kati ya mgonjwa na wanaoruka, na yeyote utakayemchagua, utalala vibaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, mliikariri shuleni. Sisi tulichimba kaburi, dogo sana.

Nenda kazini. Mungu wa baba zetu aibariki mikono yako, akuepushe na mazoea, na akupe ujasiri wa kuisimamisha ndege siku ambayo hakuna mgonjwa anayeingoja.