Chumvi ya Wartinah

Ukiingia kibandani kwa Wartinah, jirani na stesheni ya Kutoarjo, huulizwi unataka nini. Unaketi kwenye benchi, unanyoosha kidole kwenye kabati la vioo, naye anakupakulia juu ya wali: mboga za tui, vipande vya tempe ya soya vya kukaanga, yai la pilipili. Ni chakula cha nyumbani, na wengi wanaokula pale, nyumbani kwao hakuna wa kuwapikia. Kibanda hicho ndicho kilichomweka Wartinah mjini tangu mumewe alipofariki. Hakuwa na kingine.

Mwaka ule wa mvua nyingi aliugua homa, na homa ilipoondoka iliondoka na ulimi wake. Akila wali, akila pilipili, mdomoni ni mamoja. Hata harufu ya kitunguu ilipotea. Hakumwambia mtu, maana nani atakula kwa mpishi asiyejua anachopika? Akajikaza kisabuni, akawa anapika kwa mazoea ya mkono, na mkono nao una siku zake.

Siku ya kwanza chumvi ilipozidi, Lasmi muuza kuku, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, aliisukuma sahani yake.

"Mama Wartinah, mbona hukutuambia? Huyo mchumba ni nani?"

Benchi zima likacheka. Kwao, mpishi akizidisha chumvi basi anataka kuolewa; hilo hata watoto wanalijua. Wartinah akacheka nao, akajibu kwamba mchumba akipatikana Lasmi ndiye atakayetoa kuku wa karamu, tena bure. Moyoni alishukuru. Heri wamdhanie ana hamu ya mume kuliko wajue ukweli.

Lakini mzaha haujazi tumbo. Leo mboga chapwa, kesho tui limechacha na yeye hana habari. Wafanyakazi wa reli wakaanza kula ng'ambo ya barabara, kimya kimya, bila hata kuaga, na hilo lilimuuma kuliko maneno yote ya Lasmi. Sufuria zikawa zinarudi nyumbani zimejaa nusu.

Aliyegundua ni Ngadimin, fundi wa kuziba pancha, mgane aliyekula pale kila siku na kusema kwa nadra. Asubuhi moja Wartinah alimimina kahawa kutoka birika moja, kikombe chake na cha Ngadimin. Ngadimin akapiga funda, akasita. Ilikuwa ya chumvi. Kopo la chumvi na la sukari yalikaa pamoja, na mkono ulikuwa umekosea. Akamtazama Wartinah: alikuwa anakunywa yake taratibu, akiilalamikia mvua. Ngadimin naye akanywa yake mpaka ikaisha.

Kesho yake, kabla wateja hawajafika, alikuja akasimama mbele ya kabati.

"Dada, nipe kijiko nionje."

Wartinah alitaka kukana. Badala yake machozi yalimtoka, akampa kijiko.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Ngadimin hakuwahi kupita nyuma ya kabati, penye jiko. Huko ni kwa watu wa nyumbani, na Lasmi ana macho. Alionjea palepale mbele, akisema bado, au kidogo, au basi. Watu wa reli wakarudi mmoja mmoja, wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Wartinah akawapakulia bila kuwauliza, ingawa tempe zao alizipunguza kwa makusudi kwa siku kadhaa.

Mvua zilipokwisha, asubuhi moja Ngadimin alionja mboga, kisha akamwambia aongeze chumvi. Wartinah akaongeza. Akaonja tena, akamwambia aongeze nyingine. Akaongeza.

Lasmi ndiye aliyetangulia kula. Alikohoa, akadaka glasi ya maji.

"Haya jamani, yamerudi. Mama, huyo mume hajapatikana tu?"

 Wazo la kwanza la Wartinah ni kwamba ameponzwa, tena na mtu aliyemwamini. Akamgeukia Ngadimin. Alikuwa ameinamia sahani, anakula mboga zilezile bila kusita, masikio yamemwiva kwa haya. Hapo Wartinah akaelewa.

Angeweza kucheka kama zamani, mambo yakapita. Akauweka upawa chini.

"Mimi sijui ladha ya kitu tangu nilipougua," akasema. "Ulimi wangu umekufa. Anayepima chumvi ya sufuria hii ni yeye."

 Wartinah akawa anaitazama mikono ya waliokaa kwenye benchi, aone nani ataisukuma sahani kwanza. Hakuna aliyeisukuma. Lasmi alimkagua fundi pancha kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe mwenye shida ni wewe, kaka?"

"Nilionja mara mbili," Ngadimin akasema, akiiambia sahani yake. "Nikahakikisha."

Benchi likaangua kicheko. Wartinah hakucheka. Aliirudisha sufuria motoni, akaongeza tui, akakoroga. Kisha akafungua kilango cha pembeni mwa kabati, akasimama pale na kijiko mkononi.

"Hawa watu wana njaa," akasema. "Pita huku ndani uonje."