Sura ya Guguna

Mabua ya pamba yakichomwa, harufu yake hunikaba koo. Huwa ni baada ya mavuno, mashamba ya huku kwetu yakisafishwa, na moshi wake una ukali ambao sijaukuta kwenye moto mwingine. Wenzangu hufunga vioo vya gari. Mimi, kwa mawazo, hurudi utotoni kijijini Nkololo, mbele ya ukuta wa chumba chetu, nimeshika kijiti cha bua kilichoungua, na mdogo wangu Masanja ananielekeza namna ya kuchora.

Masanja alikuwa na miaka sita. Mara kwa mara mifupa ilimuuma, miguu na mgongo, vidole vikavimba, akalia mpaka sauti ikakauka. Nyumbani hakuna aliyeujua ugonjwa huo kwa jina, kwa hiyo Masanja akautungia lake. Alisema kuna jitu linaishi ndani ya ukuta, linaitwa Guguna, chakula chake mifupa ya watoto.

Mimi nilikuwa darasa la nne na nilijiona fundi wa kuchora. Nikamwambia tulitoe nje, tulione. Nikalichora kwa raha zangu zote: meno ya msumeno, pembe kama za maksai wa baba, macho nikayapaka udongo mwekundu. Nikangoja sifa. Masanja, amejilaza kwenye mkeka, alilitazama usoni.

"Dada, usimchore amekasirika," akasema. "Akikasirika anauma zaidi."

Basi nikafuta nyusi, nikalegeza mdomo. Akaniomba nimchoree na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo yeye mwenyewe alivipenda kuliko chakula chochote. Nikachora huku nacheka.

Tangu hapo akawa anaacha michembe yake chini ya ukuta. Mayu, ndivyo tulivyomwita mama, alimgombeza kwamba hataki kula na anazidi kukonda. Kuku waliingia wakadonoa, naye akiamka na kukuta pako wazi, alininong'oneza kwa furaha kwamba Guguna ameshiba.

Mvua zilipoanza, maumivu yalirudi. Baba alimpakia kwenye baiskeli hadi barabarani, wakapata gari la kwenda hospitali, Bariadi mjini. Masanja alirudi amefunikwa kitenge cha mayu.

Tulipomaliza kuzika, baba alichukua jembe akwangue ule mchoro. Mayu akamzuia. Akaniuliza kwa nini jitu lina bakuli, nikamweleza yote, hata habari ya kuku. Alikaa chini polepole.

"Kumbe alikuwa anataka kula," akasema. Ndipo akalia kilio ambacho hakukilia makaburini.

Neno selimundu, jina la ugonjwa wa Masanja, nililisikia nikiwa mtu mzima, daktari akinieleza jinsi damu ya mtu inavyoweza kumtesa. Hilo nililielewa siku hiyohiyo. Alilolifanya Masanja lilinichukua miaka kulielewa. Nilidhani tunacheza, na kwamba jitu letu, kama majitu yote ya hadithi, mwishoni lingeuawa. Masanja hakuwahi kuniomba nimchoree mtu mwenye mkuki. Alijua lake haliuawi, akaamua kulilisha alichokipenda kuliko vyote, akalala na njaa, akitumaini litamwonea huruma.