Nimeitwa mchoyo kwa sababu ya venv, na folder silifuti

Wakuu, salaam kutoka Lindi. Haya ni ya kwelikweli, na mhusika mwenzangu yumo humu jukwaani. Akitaka aje akanushe.

Nafanya kazi stationery moja hapa Mtanda. Kompyuta ni moja, tunaitumia wawili, mimi na Kaka Shaibu. Nimeandika program ya Python ya ripoti za wanafunzi. Mwalimu analeta alama, yenyewe inapanga na kuprint.

Nilijifunza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa hiyo msinichezee.

Siku moja kaja mwalimu kutoka Milola kufuata ripoti zake. Narun program, error!

Kumbe jana yake Kaka Shaibu ali-upgrade pandas, library ya kupanga data ambayo program yangu inaitegemea, kwa ajili ya kazi yake. Version mpya imeondoa append, amri niliyokuwa naitumia kuongeza mistari ya alama. Mwalimu akarudi mikono mitupu na wazazi wanamsubiri.

Bosi wetu, Bi Zuhura, hakuuliza nani kagusa nini. "Somoe, ikishindikana tena unarudi kwenye photocopy."

Iliniuma, sifichi.

Nikatengeneza venv. Kwa msioijua, ni folder ambalo program yako inakaa na library zake yenyewe, version uzitakazo wewe. Nikaweka pandas ya zamani, version zote nikaziandika kwenye requirements.txt.

Kosa langu lilikuwa moja. Kaka Shaibu aliponiuliza folder hilo la nini, nikajitia Kiswahili fasaha: "Nimetenga mazingira yangu."

Kutenga, wakuu! Huku tunakula sinia moja. Ukisema umetenga chako, umetangaza ugomvi. Kufika adhuhuri hadi jirani muuza vitumbua anajua Somoe mchoyo, kajitenga.

Bi Zuhura akaniita. "Mwanangu, lifute hilo lifolder. Hapa hatutengani."

"Bi, niwie radhi, silifuti. Leo mchana umemtengea mzee wako chakula, ukakifunikia kawa. Ndiyo umemfukuza nyumbani?"

Nikajua kazi imeota mbawa.

Mara akacheka. "Una mdomo wewe! Haya, tutaona."

Wiki iliyofuata Shaibu ka-upgrade tena. Mwalimu wa Milola yuko kwenye benchi, Bi Zuhura kasimama nyuma yangu. Nika-activate venv yangu, nikarun.

Ripoti zikatoka zote. Safari hii kilichokufa ni script ya Shaibu mwenyewe.

Nilichojifunza: sinia moja ni la wali. Library kila program na zake, na anayeuita huo uchoyo aendelee kuuita.

Nyie mnaoinstall kila kitu global, bila venv, njooni hapa chini mnitukane, nawasubiri.

Isipokuwa wewe, Kaka Shaibu. Wewe Jumatatu ulikuja unajikuna kichwa, ukaninong'oneza: "Somoe, na mimi nitengee."

Na nilikutengea.