Majani ya Mpunga na Bata wa Mama Mkwe

Banda lile nililikandika mimi. Tumbo likiwa mbele kama mtungi, udongo niliukanyaga kwa miguu yangu, na kazi ya mume wangu ilikuwa kusimama pembeni na kuniambia ukuta wa kushoto umepinda. Kwa hiyo siku mama mkwe alipotangaza, mbele ya wageni, kwamba banda la mkwe wake litawafaa sana bata zake, nilitabasamu mpaka taya likauma.

Bata! Ndege ambaye ukimpa dimbwi la matope anaona amefika peponi. Anataka dirisha la nini?

Nikasema banda lina kazi. Kazi gani? Nitalima uyoga humo. Sikuwa nimepanga. Kikundi chetu cha akina mama pale Misunkumilo kilikuwa kimeletewa mtaalamu, akatufundisha asubuhi nzima, na mwishoni kila mmoja akaondoka na chupa ya mbegu: punje za mtama zilizofunikwa na utando mweupe, kama wali uliosahaulika kwenye sufuria. Chupa yangu ilikuwa imekaa juu ya kabati, naipangusa vumbi tu.

Mama mkwe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Uyoga unaokotwa, mkwe. Haulimwi. Wa msituni ulilimwa na nani?"

Tukabishana, na mwisho akaweka masharti yeye mwenyewe. Uyoga wangu ukitoka kabla wanawake hawajaanza kupita na mabeseni ya uyoga wa msituni, banda ni langu na hatalitaja tena. Wa msituni ukitangulia, bata wanaingia, na mimi nitawafagilia. Nikamgeukia mume wangu. Akasema nyie malizaneni, akawasha pikipiki.

Sasa ikaja habari ya uyoga unakula nini. Mtaalamu alituambia uyoga hauhitaji udongo. Unauotesha kwenye mabaki makavu ya shambani: unayakatakata, unayachemsha, unayachuja, yakipoa unayapanga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na mbegu, unafunga, unaweka gizani. Akasema chagueni kinachopatikana kwenu. Kwetu! Kwetu kinapatikana kila kitu isipokuwa amani.

Mimi nilitaka majani ya mpunga. Kule Mwamkulu wakishavuna wanayachoma tu, nikaenda nikajifungia mzigo. Mume wangu akasema mpunga ni wa kitoto, uyoga unataka kitu kikali, akarudi na nusu gunia la mabua ya tumbaku. Nikamwambia uyoga hauvuti sigara. Akasema hujui mpaka ujaribu. Jirani mwenye mashine ya kukoboa naye akaingia bila kukaribishwa: weka pumba tupu, dada, kitu kinachonenepesha nguruwe kitashindwaje kunenepesha uyoga? Mama mkwe akawasikiliza wote, akasema mnajisumbua, uyoga unataka udongo wa kichuguu, kila mwenye macho ameuona unapotokea.

Nilimaliza kidato cha nne, majaribio ya sayansi nayakumbuka. Nikasema sawa, kila chakula mfuko wake, tuone. Mpunga mfuko mmoja, tumbaku mmoja, pumba mmoja, na mabua ya mahindi kutoka shamba letu la Ilembo mmoja. Kichuguu nikakikataa. Siku ya kuchemsha niliwasha moto chini ya pipa uani, nikawa nakoroga majani kwa mti, mtoto mgongoni, moshi machoni. Mama mkwe akapita na kuuliza kama hicho ndicho chakula cha mchana.

Pumba ndizo zilizokufa kwanza. Zilivimba, zikaota ukungu wa kijani, na zikatoa harufu iliyomfanya jirani mwenyewe aje kuuliza kama kuna kitu kimekufa kwetu. Nikamwambia ndiyo, ushauri wako.

Mfuko wa tumbaku haukuoza wala haukuota. Ulikaa tu. Hata ukungu uliukataa. Mume wangu alikuwa anauchungulia kila jioni akisema unajikusanya.

Lakini mpunga! Ule utando mweupe ulitoka kwenye mbegu ukaanza kutambaa, polepole, mpaka mfuko mzima ukawa mweupe kama shuka la mgeni. Mahindi nayo yalikuwa yanafuata nyuma. Nikawa natembea uani nikiimba. Mama mkwe akawa anatazama mawingu, na kila wingu analisalimia kama ndugu yake.

Nilipompeleka mtoto kliniki ndipo waliponiharibia. Nasema waliponiharibia kwa heshima, alikuwa mtu mmoja. Nilirudi nikakuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda, ametulia, ana uso wa mtu aliyetenda wema. Akaniambia amenisaidia. Mfuko wa mahindi alikuwa ameufungua na kuujaza udongo wa kichuguu, ili uyoga ujione uko nyumbani. Udongo aliuchimba mbichi, na mchwa wake ndani. Wale mchwa hawakuamini bahati yao. Wiki haikuisha, walimaliza mabua, wakahamia kwenye mkeka, kisha wakaanza mguu wa kigoda chake, na hapo ndipo alipoona kuna tatizo.

"Na mfuko wa mpunga uko wapi, mama?" nilimuuliza siku ile ile ya kliniki.

"Ule uliokuwa umeota ukungu? Nimeumwaga. Majani nimempa bata anayeatamia, yamemfaa sana."

"Mama, ule ulikuwa uyoga."

"Ule ulikuwa ukungu. Mimi nimekulia msituni, mkwe. Uyoga naujua kuliko wewe unavyomjua mumeo."

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Basi nikabadilisha sketi, nikaenda kwa bata.

Bata mwenyewe alikuwa amekaa kwenye karai bovu kando ya bafu, kivulini, juu ya jasho langu. Nikapeleka mkono nichomoe walau konzi moja. Alinidonoa, akaning'ang'ania kidole, tukatazamana. Mama mkwe akapiga kelele kutoka ukumbini kwamba bata akisumbuliwa ataacha mayai, na mayai yakiharibika tutajua nani aliyaua. Nikaacha. Nilikuwa nimeshindwa na mtu, na mchwa, na sasa ndege.

Mvua ikaja. Ya kwanza, ya pili, na zile za kurudia. Mimi nikaanza kutoa jembe langu na magunia yangu bandani, kimoja kimoja, kwa kelele, ili kila mtu asikie ninavyodhulumiwa. Bata wa karai alikuwa na furaha ya pekee. Alikuwa anashuka, anajirusha kwenye maji ya bafu, anarudi kukalia mayai akiwa ameloa chepechepe.

Asubuhi moja nikasikia mama mkwe anaita barabarani kwa sauti ya harusi. Alikuwa amemwona mwanamke wa kwanza mwenye beseni kichwani, na akamsimamisha pale pale, akamwingiza mpaka uani. Beseni likashushwa mbele yangu. Uyoga wa msituni umejaa, na majani ya miti yamenatanata juu. Mama mkwe alinyoosha mkono tu kuelekea bandani, kama trafiki.

Wakati huo huo mtoto wangu mkubwa akaja akinivuta kanga. "Mama, bata ana masikio."

Nikamwambia aniache. Akarudia, bata ana masikio, mengi. Mwenye beseni akacheka. Mama mkwe akamshika mjukuu mkono waende wakaone masikio ya bata, mimi nikafuata kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Bata alikuwa amekaa kama malkia, na pande zote za karai, kutoka kwenye majani ya mpunga, umejitokeza uyoga mweupe, mpana, umepangana kama masikio kweli. Mwingine ulikuwa umemfunika mkia.

Nilijua nikisema mimi nitaambiwa najitetea. Nikafunga mdomo. Namjua mama mkwe: ukimwekea uyoga mbele hawezi kunyamaza. Akainama, bata akamruhusu maana ni wake, akachuma mmoja, akaugeuza, akaunusa, akapitisha kidole chini kwenye mikunjo.

"Huu ni uyoga," akasema, kwa sauti ya mtaalamu. "Na haukutoka leo. Haukutoka jana. Tazama ulivyofunguka, kingo zimeanza kujikunja. Huu una siku zake hapa."

Mwenye beseni akanitazama, akamtazama, akauliza kwani kuna nini. Mama mkwe akabaki ameshika ule uyoga, na nikaona anayasikia maneno yake mwenyewe yanamrudia.

"Basi umeoteshwa na bata wangu," akasema hatimaye.

"Umetoka kwenye majani yangu. Kabla ya beseni. Umesema wewe, mama, na shahidi huyu hapa."

Mwenye beseni akasema hicho amekisikia. Mama mkwe akafikiri kidogo. Kisha akauliza, kwa upole ambao sikuuzoea, kama mvua hii haitamnyeshea bata, maana karai liko wazi na mayai bado hayajaanguliwa.

Huo ndio ujanja wake. Bata hawezi kutolewa kwenye majani, na uyoga hauwezi kutolewa kwa bata. Tukalibeba karai pamoja, yeye huku, mimi huku, bata katikati akitutukana, tukaliingiza bandani. Jioni niliupika ule uyoga na karanga. Mama mkwe alisema hauna ladha ya msitu, akaongeza ugali mara mbili.

Banda ni langu. Mifuko yote humo sasa ni ya majani ya mpunga, na mama mkwe anawaambia watu kanisani kwamba tangu mwanzo alisema mpunga. Mfuko wa tumbaku bado uko pembeni, mume wangu amekataa usitupwe. Bata yumo, ndiyo, na hilo bado linanikera kila nikipumua. Ila ufunguo ninao mimi, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Kila asubuhi nasikia mlango unagongwa.

"Hodi, mkwe. Nimekuja kumwona bata."

Namwambia akanawe mikono kwanza, kwa sabuni.