Siku Mama Alipomkinga Mwizi

Harufu ya tairi likiungua hunirudisha Makongeni hadi leo. Jirani akichoma takataka huku Ruiru ninakoishi, mimi hufunga madirisha na kukaa kitandani mpaka ipite.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa akishona nguo kibarazani, nami niko chini ya meza nikiokota vipande vya kitambaa, tuliposikia kelele za "Mwizi!" Kijana mwembamba alikuja mbio, akateleza kwenye mtaro mbele yetu, watu wakamfikia. Wa kwanza alimpiga teke la mdomo. Nilisikia meno yakivunjika. Kisha yakaja mawe na rungu, na wapigaji walikuwa watu niliowaamkia kila asubuhi. Mmoja alivingirisha tairi lililokuwa tayari linafuka moshi.

Mama aliinuka, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Nilidhani anakuja kuniingiza ndani. Badala yake akapenya katikati ya miguu ya watu, akajitupa juu ya yule kijana. Nusu ya tofali ikampata begani. Aliguna kama mtu aliyetwishwa gunia, lakini hakuinuka.

Baba Kamau, mwenye bucha na mzee wa kanisa letu, alishika chupa ya petroli.

"Mama Wambui, toka hapo. Huyo ni mwizi."

"Najua ni mwizi," Mama akasema, damu ikimtiririka mkononi. "Nimwagie mimi kwanza, Baba Kamau. Halafu Jumapili utuongoze kwa maombi."

Baba Kamau akashusha chupa, lakini waliokuwa nyuma wakazidi kusukuma. Ndipo Mama Nekesa, jirani yetu mpole aliyetoka Magharibi mwa Kenya kufanya kazi kiwandani, akatokea na sufuria ya maji ya ugali yakitokota.

"Ni nani hajaoga leo?" akauliza.

Mwanamume mmoja akacheka. Akamwagiwa miguuni, akalia kama mtoto. Wanawake wengine wakatoka na miiko na mafagio, wakapiga bila kuchagua, mpaka umati ukatawanyika.

Kijana alipelekwa hospitali kwa mkokoteni. Simu aliyoiba ilikutwa ndani ya soksi yake. Alipoteza jicho, akapona, na hakurudi kusema asante.

Jumapili iliyofuata wanawake wale walibanana chumbani mwetu, mkono wa Mama umefungwa kwa leso, wakaanzisha kikundi cha huduma. Kanuni ya kwanza ilikuwa ya Mama Nekesa: ukisikia mtu anauawa, toka kwanza, uliza baadaye. Siku hizi wanafundisha huduma ya kwanza hadi eneo la Theta, na wageni huwasifu kwa upendo wao. Mimi nilimwonea Mama fahari, na hasira pia. Angekufa, ningebaki na nani?

Mwaka jana nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Alikuwa akimenya viazi.

"Kaka yangu aliuawa hivyo, kule mtaani Witeithie," akasema. "Nilikuwa mdogo kama wewe siku ile. Nilibisha kila mlango wa wapangaji kwenye ploti yetu. Watu walikuwa ndani, niliona mapazia yakisogea."

"Alikuwa ameiba kweli?"

"Kuku." Akachukua kiazi kingine. "Tulikuwa tumeshamla."

Miaka yote niliamini kwamba Mama hakuwa na woga. Kumbe aliogopa kuliko watu wote waliokuwa pale, kwa sababu yeye alishaona mambo kama yale yanavyoishia.