Samli kwenye Mipira ya Mfaransa

Juzi vijana wawili nusura washikane mashati dukani kwangu, hapa Nyasubi, Kahama, kisa gari la Kifaransa. Mmoja alikuwa ametoka Geita, pale Kalangalala, anatafuta bushi, ile mipira ya miguu ya mbele. Mwenzake, fundi, akamcheka. "Kaka, hilo ukilipiga kofi linabonyea. Wale wenzetu wanatengeneza gari kama wanatengeneza sufuria."

"Wewe hujawahi hata kulikalia," akajibu mwenye gari. "La kwako likiingia kwenye shimo unahesabu pingili za mgongo. Mimi kwenye langu nasinzia."

"Utasinzia sana tu. Gereji!"

Wakanigeukia. "Mama Spea, wewe ndiye mkongwe. Tuamulie."

Niliwaambia bushi hizo sina. Nilikuwa nazo tele. Nikaingia stoo nikakaa juu ya katoni, kwa sababu kwa muda mfupi nilikuwa nimesikia sauti ya baba yangu.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tatu, na sioni haya kusema, maana leo wenye vyeti wananiuliza mimi. Spea nimezijua kwa mikono. Nilianza kwa kuwapikia mafundi ugali, nikaishia kuwauzia vyuma. Hakuna mtu Kahama atakayeniletea mpira wa bandia nikaupokea. Lakini swali la wale vijana ni la kwetu, la nyumbani, na jibu lake nimekaa nalo peke yangu miaka mingi.

Kwetu ni upande wa Shinyanga, kijiji kimepakana na mbuga ya udongo mweusi, ule ambao mvua ikinyesha unakuvua viatu. Tulilima pamba na mtama, tulifuga. Asubuhi niliamka kwa sauti ya bibi akisuka maziwa kwenye kibuyu, ile chubwi, chubwi, chubwi ambayo siku hizi siisikii popote. Kazi yangu ilikuwa kumpokea mkono ukichoka. Siagi ikijitenga, bibi aliichemsha ikawa samli, na nyumba nzima ikanukia hadi kwenye nguo. Alikuwa anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kuni zilikuwa mbali, na ule moshi ulikuwa umemkaa machoni. Sikumbuki siku niliyomwona na macho meupe.

Baba alipata pamba nzuri misimu miwili mfululizo, akauza na ng'ombe, akanunua gari kutoka kwa mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa anahama. Gari la Kifaransa, rangi ya krimu, gia yake iko kwenye usukani. Sisi tuliliita Mfaransa tu. Viti vyake vilikuwa laini, ukikaa unazama kama umekalia godoro la sufi. Na mlango ukiufunga ulikuwa unasema "tup", mara moja, taratibu, kama mtu anayefumba mdomo.

Jirani yetu, rafiki wa baba tangu wakichunga ndama, alikuwa dereva wa lori la kinu cha pamba. Lori la Kiingereza. Huyo ndiye aliyekuwa upinzani. Kila jioni alikuja uani kwetu, akaletewa kigoda na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na kabla hata ya kumeza tonge la kwanza alikuwa ameanza.

"Bwana Mfaransa, debe lako limeamkaje?"

"Limeamka salama, Baba Kabula. Linauliza kama ule mlima wako wa chuma umewaka leo au mmeusukuma tena."

"Chuma lazima kiwe kizito! Gari gani hilo, mbuzi akijikuna linaacha alama?"

"Mwingereza hajui kutengeneza gari, anajua kutengeneza daraja. Wewe unaendesha daraja."

Waliendelea hivyo mpaka ng'ombe wote wamelala. Kijiji kikagawanyika, mnajua Wasukuma tena. Kama kwenye ngoma baada ya mavuno, Wagika huku na Wagalu kule, kila upande na nyimbo zake za kuchamba upande wa pili, basi na sisi tukawa na watu wa Mfaransa na watu wa Mwingereza. Wanawake walitunga nyimbo kisimani. Na wengi wao hawakuwa wamepanda gari hata moja kati ya hayo mawili.

Kiangazi kilipofika, mipira ya milango ya Mfaransa ikaanza kukauka na kupasuka. Bibi aliitazama, akamtazama baba. "Kinapasuka mnakiangalia tu? Kipakeni mafuta." Kwetu kila kitu kilichopasuka kilipakwa mafuta: kamba za ngozi za kufungia nira, ngozi za kulalia, hata visigino vyetu. Basi nikapewa kazi. Kila Jumamosi nilichukua samli kwenye kigae, nikapaka mipira ya milango, nikafungua boneti nikapaka mabomba, nikalala chali chini ya gari nikapaka kila mpira uliofikiwa na mkono wangu. Nilijituma. Gari lilinukia kama jiko. Baba alifurahi, ule mng'ao ulimlevya, akasema pasitokee mtu wa kumwambia jirani. "Asije akaiga."

Msimu uliofuata ile "tup" ikapotea. Mlango ukawa unanata, na huko chini tukianza kupita kwenye makorongo ilikuwa ko, ko, ko. Jirani alisikia tangu mbali. "Nilisema!" Baba akamjibu kwamba tatizo ni barabara, barabara ya nchi hii ingevunja hata mgongo wa kifaru. Na mimi nikaongeza samli.

Kisha Kabula, binti wa jirani, akapata mchumba mjini. Jirani alikuja jioni hiyo, hakugusa michembe. Akajikuna shingo.

"Mwanangu hawezi kwenda kanisani juu ya lori la pamba."

Baba akajiegemeza nyuma. Kisha akasema, "Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unakijua."

"Haya. Lina viti vizuri."

"Na mlango?"

"Usinichoshe, Bwana Mfaransa!" Wakacheka mpaka baba akajifuta machozi. Sijamwona tena na furaha kama ile. Aliliosha gari siku mbili. Bibi alinipa samli ya kigae kizima.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali sana. Bibi harusi alikaa nyuma kwenye mlango wa kushoto, gauni jeupe limejaa kiti chote, na mimi pembeni yake nimeshika viatu vyake. Nyuma yetu lori la jirani limejaa wanawake wanaimba. Katikati ya mbuga, bomba la maji likapasuka. Mvuke ukatoka puu, baba akasimama.

Jirani akaruka kutoka kwenye lori, tayari ana kicheko. "Bwana Mfaransa, chai imeiva?" Akashika mlango wa binti yake. Ukagoma. Akavuta kwa nguvu, ukafunguka, na mpira wake ukavutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Kabula akashuka. Kuanzia begani mpaka pindo la gauni alikuwa na mstari mweusi, mpana kama mkono wangu.

Jirani akaugusa kwa kidole. Akanusa. Kicheko kikamwisha.

"Samli," akasema.

Sijui kama wewe unayesoma ni mtu wa huku. Kwetu wakati ule hukuhitaji kuelezwa. Dawa ya mganga ilichanganywa na samli. Kitu cheusi, kinanukia samli, kimepakwa kwa bibi harusi njiani kwenda kuolewa. Shangazi yake Kabula akateremka kwenye lori. "Mmempaka nini mtoto wetu?" Mwingine juu huko akasema, bila hata kupaza sauti: "Kwani hamumjui mama yake huyu mwenye gari? Yule bibi wa macho mekundu."

Nyimbo zikakatika zote. Miaka ile, huku kwetu, bibi vizee wa macho mekundu walikuwa wanaitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa maneno mepesi kuliko hayo. Nilikuwa mtoto lakini nilijua, kila mtoto alijua. Lakini akili yangu ikaniambia nikisema ukweli yataisha. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, bibi alinituma, si dawa, ni mafuta ya kutunza gari. Baba akanishika bega. Vidole vyake viliingia kwenye nyama mpaka sauti ikarudi ndani.

Halafu akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko kibaya kama kile.

"Dawa gani? Hiyo ni mipira ya Mfaransa! Ndivyo ilivyo, jua likiipata inayeyuka na kunuka. Baba Kabula, ulinieleza tangu mwanzo nikakubishia. Hili si gari. Ni debe. Nimeuziwa debe!" Na akaupiga teke mlango, ule mlango aliokuwa akiufunga kwa vidole viwili.

Jirani akautazama mlango, akamtazama baba. Kisha jirani akacheka, kweli kweli, akamkumbatia. "Gete, ni kweli! Leo umekiri mwenyewe!" Wanawake juu ya lori wakapiga vigelegele, hapo hapo wimbo ukatungwa wa debe lililoyeyuka. Kabula akafungwa kanga juu ya gauni, akapandishwa kwenye lori, akaolewa, akazaa. Hakuna aliyemtaja bibi tena.

Mimi na baba tukabaki na gari mbugani. Hakunipiga, hakunigombeza. Alichuchumaa mbele ya mlango, akawa anapangusa kwa kiganja pale alipoupiga teke.

Jirani alikuja kesho yake. "Debe!" akasema, akivuta kigoda. Baba akajibu, "Debe." Basi. Wakala michembe. Keshokutwa hivyo hivyo. Utabishana na nani, mtu amekubali? Walijaribu kuzungumzia mvua, walijaribu kuzungumzia bei ya pamba, lakini walikuwa kama watu wanaongojea mtu wa tatu ambaye hafiki. Jirani akawa anakuja mara mbili kwa wiki, kisha Jumapili, kisha msibani. Mfaransa alisimama nyuma ya nyumba mpaka kuku wakatagia kwenye viti vyake, na siku moja wanunuzi wa vyuma chakavu wakamchukua. Baba alikuwa shamba, au alijifanya yuko shamba.

Bibi alizeeka mpaka mwisho. Alikufa kitandani kwake, kwa homa, mchana, watu wake wamemzunguka. Hakujua lolote.

Mimi nilikuwa mtu mzima, nawapikia mafundi hapa Kahama, siku fundi mmoja aliponikuta napaka mafuta ya kula mpira wa mfuniko wa dumu langu la maziwa. "Mama, unauua huo mpira," akasema. "Mafuta ya kula na mpira ni maadui. Unavimba, unalainika, unaoza." Alisema huku anatafuna, akaomba aongezewe mchuzi. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko.

Nikapanda gari la kwanza asubuhi kwenda nyumbani. Nilimkuta baba uani, peke yake, anakoboa karanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Lile gari lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyeliua."

Hakuinua kichwa. "Najua," akasema. "Nilijua pale pale. Mpira wa buti, kule nyuma, hamkuwahi kuupaka. Nilikwenda tu kuhakikisha mlipokuwa mnahamishia mizigo kwenye lori. Ulikuwa mzima kama wa dukani."

"Na ukasema ni debe."

"Ningesema nini? Niseme mama yangu ndiye anayetoa samli?" Akaendelea kukoboa. "Gari halina shingo."

Nilikaa chini. Nikamwambia bibi hayupo tena, hakuna wa kumdhuru, na Baba Kabula bado yuko hai, twende akaambiwe. Nilidhani atakataa. Alinyanyuka haraka kiasi kwamba karanga zilimwagika. Akaingia ndani akavaa shati la kutokea.

Jirani alikuwa amekaa ukutani kwenye jua, amejifunga blanketi, macho yana ukungu. Walishikana mikono muda mrefu. Baba akakohoa. Nilimwona anavyojipanga, kama zamani, anavyotanguliza kifua.

"Baba Kabula. Lile gari halikuwa debe."

Jirani akamtazama kwa upole. "Gari gani?"

"Mfaransa! Lile langu. La harusi ya Kabula."

"Kabula alikwenda kwa lori," akasema jirani, akatabasamu. "Waliimba sana siku ile." Kisha akauliza kama kwetu mvua imeanza. Kwetu ni hatua mia tatu kutoka kwake.

Baba akamjibu kwamba bado haijaanza. Akakaa naye kidogo, tukaaga.

Sasa wote hawapo. Ua wetu umeota vichaka, wajukuu wamekimbilia machimbo ya Segese, na ule ubishi uliokigawa kijiji kizima haukai kwenye kichwa cha mtu yeyote isipokuwa changu. Mengine yote niliyapata kwa jasho langu na siyajutii. Nalijutia jambo moja, dogo. Tulipokuwa tunarudi kutoka kwa jirani, baba mbele mimi nyuma, alisema bila kugeuka, "Lilikuwa gari zuri." Na mimi, mjinga, nikajibu haraka haraka, "Zuri sana, baba." Akanyamaza, na hatukusema tena mpaka tulipofika. Leo ningembishia. Ningemwambia lilikuwa debe, mbuzi akijikuna linaacha alama, nimsikie akinijibu njia nzima.