Milima ya Mwezini Niliyoishuhudia Iringa

Namshukuru Mungu kwa mengi, ila ulimi wangu bado nauombea. Juzi, kwenye siku ya familia ya sayansi ya anga iliyofanyika usharikani kwetu, waliniheshimu kama mzee wa kanisa niwe wa kwanza kuutazama mwezi wa mchana kwa darubini. Nikaona giza tupu. Lakini usharika mzima ulikuwa nyuma yangu ukingoja ushuhuda.

"Bwana asifiwe! Naiona milima ya mwezini!"

Mwinjilisti akafuata, akaiona. Wanakwaya wakaiona, mmoja akatoa machozi. Mke wangu akachungulia.

"Baba Neema, mbona mimi naona giza?"

"Ongeza imani, mama."

Mtaalamu mwenye darubini akaja mbio. "Shikamooni wazee. Samahanini, kifuniko cha lenzi sijakitoa bado."